Mwayo Mbele ya Hakimu

Ndiyo, nilipiga mwayo.

Msiniulize tena. Wiki nzima nimeulizwa na muuza samaki, na kinyozi, na hata padri, ambaye nilimwendea anibariki akaishia kujishika mbavu. Katika sehemu ya wiki iliyopita mliniacha nimesimama mahakamani hapa Brăila, mji wetu wa Romania, nimekwisha kula kiapo, Hakimu Iftode amevua miwani yake na kuniuliza swali moja tu: "Bwana Ghinea, ni kweli kwamba wewe hulala garini wanafunzi wako wakiendesha?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Kilichotoka ni mwayo.

Wala haukuwa mwayo wa adabu, ule wa kufichwa kiganjani. Ulikuwa mwayo wa kiboko. Ulianzia tumboni, ukapanda, ukakaa huko juu, ukashuka taratibu na sauti yake, na mwishoni ilinibidi nifute machozi.

 Kisha mtu mmoja wa nyuma akaangua kicheko, na wengine wote wakamfuata.

"Karani," akasema Hakimu, "andika kwamba mdai amejibu."

"Mheshimiwa, ni hewa tu!" nikalia. "Humu ndani pana joto mno!"

"Andika na hilo."

Kwa msomaji aliyechelewa kuungana nasi: mimi ni Leontin Ghinea, mwalimu wa udereva. Yule mrefu, mwembamba, mwenye masharubu ya kijivu, aliyekaa upande wa pili bila wakili, ni Zamfir Caloianu. Tulianzisha shule ya udereva pamoja tukiwa vijana wenye gari moja bovu. Tulikula sahani moja. Alinisimamia harusi. Kisha tukagombana juu ya magari ya otomatiki. Yeye aliyataka, mimi nikamwambia gari la otomatiki ni kochi lenye magurudumu. Tukatengana, yeye akabaki na ofisi, mimi nikabaki na hasira.

Haukupita muda mrefu, mamlaka inayotoa leseni za walimu wa udereva ikapokea malalamiko, sahihi ya Zamfir chini yake, kwamba Leontin Ghinea husinzia kazini na ni hatari kwa roho za watu. Wakanisimamisha kufundisha mpaka nipimwe na daktari.

Mtu mwenye akili angekwenda kupimwa. Mimi nilikwenda kutafuta wakili, nikamshtaki Zamfir kwa kunichafulia jina.

Sasa wakili wangu huyo, Pompiliu, alinivuta koti mpaka nikaketi.

"Kaa hapo," akaninong'oneza. "Usifungue mdomo tena. Ukiweza, pumulia puani. Bado tuna shahidi."

Shahidi wetu alikuwa Casandra Boboc, dada anayeuza keki karibu na stesheni. Nilikuwa nimemchagua mimi mwenyewe, katika wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha, kwa sababu alifaulu mtihani mara ya kwanza na kila akiniona hunikatia kipande kikubwa. Alipanda kizimbani amevaa nguo yake ya sikukuu.

"Dada Casandra," Pompiliu akaanza, "Bwana Ghinea alikuwa mwalimu wa namna gani?"

"Mwalimu bora! Mpole! Hapigi kelele kama wale wengine, eti breki, breki, breki. Yeye katulia tuli."

Niliinua kidevu nikamtazama Zamfir. Unasikia, mzee?

"Na uliwahi kumwona amelala garini?"

"Amelala? Hata siku moja! Alikuwa anafumba macho tu."

Pompiliu akakohoa. "Kidogo, bila shaka. Kama mtu yeyote anavyopepesa macho."

"Aa, hapana, kwa muda mrefu. Ilikuwa inanipa moyo. Nilijiambia, mwalimu akifumba macho ujue unaendesha vizuri. Ila nikikanyaga shimo alikuwa ananguruma."

"Ananguruma?"

"Puani. Hivi."

Naye akakoroma. Mbele ya Hakimu, mbele ya karani, mbele ya nembo ya taifa, Casandra Boboc alikoroma kikamilifu, akamalizia na ule mluzi mwembamba ambao mke wangu hunieleza kila asubuhi nami hukataa.

"Sina swali zaidi!" akasema Pompiliu.

"Mimi ninalo," akasema Hakimu. "Dada, kugeuza gari kwenye mzunguko mkubwa ulijifunzia wapi?"

"Galați, Mheshimiwa."

"Galați ni mji mwingine kabisa. Somo lenu lilikuwa la kwenda Galați?"

"Lilikuwa la hapa hapa mjini. Lakini mwalimu hakuniambia nikate kona wapi, nami sikutaka kumwa... kumsumbua. Basi nikanyoosha. Nilipouona mzunguko wa Galați nikageuza nikarudi. Tulipofika nyumbani akajinyoosha akaniambia, 'Leo umetulia sana, Casandra.'"

Hata polisi wa mlangoni aligeukia ukuta ili acheke kwa faragha.

Nami, jamani, niliikumbuka siku ile. Jioni yake niliona petroli imekwisha nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi kusema Zamfir Caloianu ananinyonyea petroli kwa mpira.

Katika ukumbi ule ni watu wawili tu ambao hawakucheka. Mmoja ni Zamfir. Wa pili ni mke wangu, Filofteia, aliyekaa safu ya nyuma ameushikilia mkoba wake magotini kana kwamba yuko ndani ya basi. Nilidhani ananihurumia. Nilidhani mengi siku ile.

"Bwana Caloianu," Hakimu akaita, "simama. Malalamiko haya ni yako?"

"Sahihi ni yangu, Mheshimiwa."

"Sikuuliza sahihi. Nimeuliza malalamiko."

Zamfir akatazama viatu vyake. "Sahihi ni yangu."

"Ulimwona kwa macho yako Bwana Ghinea amelala akifundisha?"

"La."

Pompiliu aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Hakuona! Mheshimiwa, amekiri! Amepeleka kwa mamlaka jambo asiloliona ili ampokonye mwenzake riziki! Kama huko si kuchafua jina, basi kuchafua jina hakupo duniani!"

Nami nikaruka. Wakili alikwisha kunikataza, lakini nani angenizuia? "Nilijua! Mnafiki we! Mwambie Mheshimiwa habari hizo ulizipata kwa nani! Mtaje basi! Huwezi kumtaja, maana ulizitunga mwenyewe umejinyoosha kwenye kochi lako lenye magurudumu!"

"Bwana Ghinea, keti," akasema Hakimu. "Lakini swali ni zuri. Kuna mtu aliyekuambia?"

"Yupo," akasema Zamfir.

"Nani?"

"Siwezi kumtaja."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki, Mheshimiwa. Niamulieni mnavyoona."

"Unaelewa kwamba usipomtaja unaweza kushindwa? Na mwalimu wa udereva aliyepatikana na hatia ya kumzushia mwenzake mbele ya mamlaka hiyo hiyo, na leseni yake nayo itaangaliwa?"

"Naelewa."

"Afungwe!" nikasema.

"Hapa hatufungi mtu," Pompiliu akanong'ona. "Hii ni kesi ya madai."

"Basi tuihamishe!"

Hapo sauti ikatoka nyuma. "Ni mimi."

Sauti ile ningeitambua hata kuzimu. Ndiyo iliyoniambia nivue viatu mlangoni kwa maisha yangu yote ya ndoa.

Filofteia alikuwa amesimama.

"Kaa, Fila," nikamwambia kwa midomo tu.

"Sikai. Nimekaa mno." Akaja mbele na mkoba wake. "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemwendea Zamfir. Nilimlilia jikoni kwake mpaka akakubali kutia sahihi. Yeye hakumwona. Mimi ndiye ninayemwona, kila siku."

"Unaona nini, mama?"

"Usiku anakoroma, kisha kimya. Hapumui, Mheshimiwa. Mimi nimelala macho wazi nasubiri. Nampiga kiwiko, hapo ndipo anavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kwenye mto Danubi. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, halafu anakwenda kukaa kando ya mtoto wa watu asiyejua breki iko wapi. Krismasi alilala kijiko kikiwa mdomoni. Supu ya utumbo yote shatini, na wakwe wanatazama. Namwambia nenda kwa daktari, ananiambia huu uchovu ni wa ukoo, kaurithi kwa baba yake."

Akamsogelea Hakimu hatua moja.

"Baba yake alikufa kwenye usukani, Mheshimiwa. Barabara ilikuwa imenyooka, kavu, mchana kweupe. Hakuna aliyejua kwa nini aliacha njia."

Hakuna aliyecheka tena.

Mimi jambo lile nililijua tangu utotoni. Nililijua vile ambavyo mtu anajua rangi ya mlango wa nyumba yao, na sikuwahi hata mara moja kuliweka karibu na jambo langu.  Nikaketi bila kuambiwa.

"Kwa nini hukwenda mamlaka mwenyewe?" Hakimu akamuuliza Fila, sasa kwa upole.

"Ningerudije nyumbani? Mheshimiwa humjui huyu. Angehamia kwenye banda la kuku. Zamfir ndiye aliyesema, 'Mimi tayari ananichukia, Fila. Wacha iwe mimi.'"

"Tulikubaliana hutasema," Zamfir akamwambia.

"Na tulikubaliana hatakushtaki," Fila akajibu. "Nani alijua ni mjinga kiasi hiki?"

Mlitaka kujua nilijisikiaje. Nilijisikia kama mtu aliyempiga mwenzake ngumi, kisha akagundua mwenzake alikuwa ananyoosha mkono kumtoa nyigu shingoni.

Hakimu hakuchelewa. "Anayepeleka hofu ya kweli mahali panapohusika hachafui jina la mtu. Angeitangaza sokoni, tungezungumza mengine. Dai la Bwana Ghinea limetupwa, na mwayo wake umesaidia. Sasa tuje kwenye dai la pili."

Dai la pili! Hapa nilitamani kulala kwa hiari yangu.

Maana Zamfir naye alikuwa amenishtaki. Baada ya kusimamishwa kazi, mimi nilikuwa nimemlalamikia katika kila ofisi yenye mlango. Ofisi ya kulinda wateja niliiambia honi ya gari lake inatukana. Ofisi ya mifugo niliiambia anafuga paka ndani ya gari la kufundishia. Walipokwenda kuangalia, paka alikuwa kofia yake ya manyoya. Hizo zilikwisha kwa kicheko. Lakini zimamoto niliwaambia kwamba lile jiko la gesi la kupashia ofisi yake joto litalipua mtaa mzima, na zimamoto hawana mchezo. Walimkataza kuliwasha mpaka watakapolikagua. Ukaguzi ukachelewa, baridi ikaingia. Zamfir alifundisha sheria za barabarani msimu wote wa theluji akiwa na koti zito, na wanafunzi wakiandika kwa glavu. Wengi walihama.

"Uliliona jiko hilo likiwa bovu?" Hakimu akaniuliza.

"Nilisikia harufu, Mheshimiwa."

"Ukiwa wapi?"

"Ng'ambo ya barabara."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa... limefungwa."

"Kuna nini kule ng'ambo ulikokuwa umesimama?"

"Duka la samaki."

Pompiliu akajifunika uso kwa faili.

"Kwa kiapo, Bwana Ghinea. Ulikuwa na sababu yoyote ya kuamini jiko lile ni bovu?"

Nilimtazama Fila. Hakunikodolea macho wala hakunitisha. Alikuwa anasubiri tu, kama anavyosubiri usiku nivute pumzi.

"Sikuwa nayo, Mheshimiwa. Nilitunga. Jiko lile tulilifunga pamoja, mimi na Zamfir. Halina kasoro. Ni zima kama mimi."

Hakimu akamgeukia Zamfir. "Unadai nini?"

"Aende mwenyewe kila ofisi akafute maneno yake kwa mdomo wake. Mimi hilo linanitosha."

"Kesho asubuhi," akasema Hakimu. "Akianza na zimamoto."

Nje upepo ulikuwa unakata masikio. Zamfir alisimama kwenye ngazi akifunga shali. Nilimsogelea.

"Zamfir..."

"Usiseme kitu. Utaharibu."

"Nilisema ufungwe."

"Nilikusikia. Brăila nzima ilikusikia."

"Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu?"

"Nikuambie lini? Ulikuwa umenipeleka kwa madaktari wa ng'ombe."

Fila akacheka kwanza. Kisha Zamfir. Mimi nilichelewa kidogo, lakini nilicheka pia, na pua ikinitiririka, sijui kwa baridi au kwa lipi.

"Sasa niambie kweli," Zamfir akasema akipulizia viganja. "Jiko ni zima?"

"Zima kabisa. Nakuapia."

"Basi kesho naliwasha. Vidole vyangu vimesahau joto."

Akanipiga begani, akashuka ngazi. Tangu tutengane, ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniamini.

Nyumbani Fila alipakua majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama. Nikaona nianze mimi.

"Nitakwenda kwa daktari."

"Najua. Ijumaa. Miadi nilikwisha kuiweka."

"Na kama ningeshinda kesi?"

"Ungekwenda ukiwa mshindi. Kula."

Asubuhi nilikuwa kituo cha zimamoto kabla hawajamaliza kahawa. Afisa alikuwa dada mmoja mwenye mabega ya mwogeleaji. Nilivua kofia, nikasimama wima kama mtoto aliyevunja kioo.

"Nimekuja kufuta malalamiko. Naitwa Ghinea."

Akasimama, akanipa mkono, akautikisa mpaka bega likauma. "Ndiye wewe? Mzee wangu, tulikuwa tunakutafuta tukushukuru!"

"Kunishukuru kwa lipi?"

"Lile jiko la Caloianu! Jana ninyi mkiwa mahakamani, vijana wetu walipanda paa. Bomba la kutolea moshi limeziba kabisa. Ndege wamejenga humo tangu kiangazi, kiota juu ya kiota. Angeliwasha na madirisha yamefungwa, hewa yote ya sumu ingemrudia ndani. Haina harufu ile, haina rangi. Mtu anasinzia, basi, haamki. Ulijuaje wewe?"

 Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe kwenye ngazi za mahakama. Zima kabisa. Nakuapia.

"Mmemwambia?" nikauliza.

"Tunampelekea taarifa leo mchana."

"Amewasha!" nikapiga kelele. "Amewasha leo! Mimi ndiye niliyemwambia awashe!"

Nilichomoa simu. Ikakata mara moja. Zamfir alikwisha kuifungia namba yangu tangu enzi za yule paka. Afisa akapiga kwa simu yake. Ikaita. Ikaita mpaka ikachoka.

Yeye akakimbilia ndani kuita gari. Mimi nikakimbilia nje.

Mimi kukimbia si jambo la kutazamwa na watoto. Niliteleza mbele ya kanisa, nikapoteza kofia, nikagombana na mbwa, nikaipita benki kwa magoti. Nilifika kwenye ofisi yetu ya zamani mapafu yakiwa mdomoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kioo cha dirisha kilikuwa na mvuke, ila pembeni palibaki upenyo.

Nikachungulia. Koti zito la Zamfir lilikuwa limetundikwa ukutani. Alikuwa amevaa shati tu, raha mustarehe, kichwa amekilaza mezani juu ya mkono. Zamfir Caloianu, ambaye maisha yake yote hajawahi kusinzia kazini, alikuwa amelala.

"Zamfir! Zamfir we!"

Niligonga. Nilipiga teke mlango, mlango ukanishinda. Kando ya duka la jirani palikuwa na sepetu ya kuzolea theluji. Niliiinua kwa mikono miwili, nikakitwanga kioo, kikamwagika chote.

"Polisi! Polisi!" Alikuwa muuza samaki wa ng'ambo. "Anavunja! Ni yule yule Ghinea! Jana kashindwa kesi, leo kaja kulipiza!"

Nilikuwa nimekwisha kupandisha mguu mmoja dirishani niliposhikwa ukosi kwa nyuma. Sepetu ikanitoka. Nikajikuta nimebanwa ukutani, mikono mgongoni, na pumzi ya polisi shingoni.

"Tulia, mzee. Tulia."

"Niache! Anakufa mle ndani! Ni jiko! Jiko la gesi!"

"Ndiyo, ndiyo, jiko," akasema polisi akitafuta pingu zake bila haraka. "Na honi inatukana, na paka anaendesha gari. Kituoni tumeyasoma yako yote, Bwana Ghinea."

Joto la chumba lilinipiga usoni kupitia dirisha lililovunjika. Mle ndani, mkono wa Zamfir uliteleza kutoka mezani, ukaning'inia, na haukurudi juu.